Msivuke Kwenye Ghala la Ngozi

Vijana mlioachiwa fimbo yangu, salamu. Mkubwa wa ofisi ameniomba niandike jinsi kazi ya kutembeza wageni ilivyokuwa tangu mwanzo, isije ikapotea. Nilimwambia mimi kuandika nimejifunzia elimu ya watu wazima, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Akasema andika hivyo hivyo. Basi naandika hivyo hivyo. Majina ya watu nitayataja, maana nilikuwa nikiwataja mbele yao na mmoja wao alikuwa akinipa uji.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Nilianza mtembezi, nimemaliza mtembezi. Nimestaafu kabla ya umri kwa ajili ya bega, na habari za bega ndizo za kwanza.

Matembezi yetu, kwa atakayesoma hili asiyetujua, yalikuwa ya mji wa Singida, kwa miguu, kuonyesha mahali walipopita watu wa chama cha siri cha watu-simba. Kwetu tuliwaita mbojo. Zamani za mkoloni watu waliuawa mashambani na malishoni, wakakutwa wamechanwa kwa kucha. Serikali ikasema ni simba, ikaleta wenye bunduki. Simba wakapigwa, na watu wakaendelea kuchanwa. Baadaye ndipo ikajulikana kwamba wapo wanaovaa ngozi, na wapo wanaowaagiza. Baadhi walinyongwa. Baadhi walirudi nyumbani wakalima uwele.

Mimi walinikuta nikichunga na dada yangu Mwajuma, jua likielekea kuzama. Kilichotoka vichakani kilikuja kwa miguu minne. Kilipomaliza na Mwajuma kilinijia mimi, kikanishika bega hili la kulia. Katika kukurukakara ngozi ikateleza kichwani, nikaona sikio la mtu, la kushoto, ndewe yake imekatika. Hilo niliona. La pili nilisikia. Nyuma ya vichaka kulikuwa na mtu mwingine, akapiga mluzi wa kugeuza ng'ombe, mrefu, unaopanda mwishoni kisha unakatika. Ng'ombe wetu wakageuka wakaenda nyumbani taratibu, kama walioitwa na baba. Ng'ombe wakikimbia ovyo watu hutoka kutazama. Wakirudi kwa adabu hakuna anayeshtuka mpaka atafute watoto.

Mwenye sikio nilimjua. Alikuwa Sungi, jirani yetu, aliyekuwa na ugomvi na baba juu ya bonde la malisho. Mwenye mluzi sikumjua. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini nilikaa kwenye kazi hii wakati wenzangu walikwenda kwenye magari na ushirika. Nilikaa kwa sababu ya huyo wa pili. Kazi iliyonipitisha mjini kila wiki, nikisema habari hizo kwa sauti mbele ya watu, niliona ndiyo itakayomtoa.

Kesi ya Sungi ilisikilizwa bomani. Nilisimamishwa mbele ya hakimu Mzungu na mkalimani. Nikasema niliona ndewe iliyokatika. Hakimu akaamuru wazee wote waliokuwa barazani wageuze sikio la kushoto. Wenye ndewe zilizokatika walijaa baraza, na mkalimani mmojawapo. Hakimu akasema mtoto ameona simba na hofu imemwongezea masikio. Sungi akaachiwa. Aliyenishika mkono kunitoa nje, akanipa maji kwenye kata, alikuwa tarishi wa boma, mtu mrefu wa maneno machache. Jina lake Hango.

Hango ndiye aliyenifundisha kazi.

Uhuru ulipokuja, miaka michache baadaye tukaletewa Bwana Utamaduni, kijana wa Tanga. Alishuka kwenye basi na feni ya mezani. Upepo wa Singida ulipomsalimu, ile feni aliiuza akanunua sweta. Lakini alikuwa mtu wa mipango. Akasema wageni wanapita hapa, walimu, wanafunzi, wajumbe wa chama, wageni wa nchi rafiki, na hatuna cha kuwaonyesha isipokuwa ziwa na mawe. Historia yetu tuiseme wenyewe. Akauliza nani anajua habari za watu-simba. Kila mtu akamtazama Hango, kwa sababu kesi zote zilipita mikononi mwake akiita mashahidi. Hango akasema sawa, lakini nitahitaji msaidizi, na kuna kijana mmoja mwenye bega bovu anayeshinda stendi bila kazi, niitieni yeye.

Nilishukuru sana. Mama alimpelekea kuku.

Siku ya kwanza Hango alinipitisha njia yote tukiwa wawili tu, akaniambia kila mahali pa kusimama na sababu yake. Anzeni asubuhi kabla upepo haujapata nguvu, maana mgeni mwenye vumbi jichoni hasikii neno. Wewe simama upepo ukiwa mgongoni, maneno yaende yenyewe. Usisimamishe kundi mbele ya mlango wa mtu. Piga hodi kwanza, na uwaache wanawake wapite na ndoo zao. Kundi likitawanyika, gonga kengele. Alikuwa na kengele ndogo ya shaba, ya shingoni mwa ndama, ndiyo hiyo mliyonayo. Nilimuuliza kwa nini asipige tu mluzi kama kila mtu. Akanitazama.

"Wageni si mifugo, Idi," akasema. "Kuwapigia mluzi ni utovu wa adabu."

Nikaona huyu kweli amekaa na wakubwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa boma, baraza la kesi. Hapo mgeni anakaa kwenye ngazi na kusikiliza. Cha pili kilikuwa sokoni, pembe ya wauza chumvi. Hapo Hango alikuwa akieleza jinsi ya kuagiza simba. Mnajua chumvi yetu, mtu hanunui bila kuonja, maana nyingine ni chungu na nyingine ina udongo. Sasa mtu mwenye haja yake alikuja akanunua chumvi nyingi bila kuonja, akalipa, akaondoka. Muuzaji akatoa habari, na jioni mtu angemfuata nyumbani kumuuliza anagombana na nani. Wageni walikipenda kituo hicho. Wengi walinunua chumvi, na wote walionja kwa kujionyesha.

Kituo cha tatu ni mtaa wa nyuma ya soko. Cha mwisho ni mawe ya ziwani, ambako ilisemekana watu hao walikuwa wakila kiapo. Kati ya cha tatu na cha mwisho mnapita barabara ya maduka ya Wahindi, na hapo kulikuwa na utaratibu mmoja. Ukikaribia lile ghala la zamani la ngozi, lililofungwa, vuka barabara, tembea upande wa pili chini ya vibaraza vya maduka, ukishalipita rudi. Hango alisema ni kwa ajili ya jua: asubuhi upande wa ghala unawaka, upande wa maduka una kivuli. Tukavuka. Siku za mawingu tukavuka. Siku za masika, upande wa maduka ukiwa tope mpaka kwenye kifundo, tukavuka. Kazi ukifundishwa na mtu mzima huiulizi maswali.

Vifaa vyetu vilikuwa fimbo, kengele, na mfuko wa katani wenye kucha. Kucha za kweli za kwenye kesi aliondoka nazo Mzungu mmoja, akazitundike kwao ukutani. Hango akamwelekeza mhunzi, akatufulia nyingine: vyuma virefu vilivyopinda, kila kimoja kimevikwa kidoleni kwa pete. Zilitisha. Wanafunzi walizivaa wakapigwa picha wakikunja uso. Mimi mwenye alama begani nilikuwa nazishikia mfuko tu.

Hango alinionya jambo moja tangu mwanzo. "Usitaje majina. Serikali ilinyonga waliotakiwa. Waliobaki ni majirani."

Alipostaafu akahamia Ikungi kwa watoto wake, nikaachiwa kundi peke yangu. Mara ya kwanza kabisa nikafika kituo cha tatu, ambacho Hango alikuwa akisema tu kwamba mtaa huu walihamia watu wa pande zilizosumbuliwa. Nikapiga hodi, nikawageukia wageni nikasema, "Hapa anakaa Sungi, aliyemuua dada yangu Mwajuma akiwa amevaa ngozi ya simba. Ndiye yule kwenye benchi, mwenye kofia."

Wageni wakageuka. Sungi alikuwa amekaa nje na kikombe.

"Ndiyo mimi," akasema. "Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Dodoma," mmoja akajibu kwa sauti ndogo.

"Poleni na safari. Mama Saidi! Leta uji, kuna wageni."

Wakanywa uji. Hawakujua la kufanya, na uji ulikuwa mzuri.

Niliendelea kumtaja kila kundi, na yeye akaendelea kukaribisha. Aliongeza benchi la pili. Mkewe, Mama Saidi, mwanamke mpole aliyeolewa muda mrefu baada ya mambo yale, akaanza kukaanga maandazi siku zetu. Sungi akawa balozi wa nyumba kumi, na bado nikamtaja, nikiongeza cheo. Bwana Utamaduni akaniita ofisini, kavaa sweta.

"Bwana Idi, huwezi kumwita balozi muuaji mbele ya wageni wa nchi rafiki."

"Nimwite lini?"

Akashusha pumzi, akamwita Sungi amsikilize kama ana malalamiko. Sungi akaja na kofia mkononi.

"Mwacheni kijana," akasema. "Mahakama ya Mzungu iliniachia, sasa huyu atanifanya nini? Tena wageni wameongezeka. Mimi simba mzee, nakunywa uji."

Bwana Utamaduni akacheka, Sungi akacheka. Nikarudi kwenye kazi. Nawaambieni, kumtaja mtu mwovu mchana kweupe halafu akakukaribisha maandazi ni kazi nzito kuliko kubeba mawe. Wakati wengine walihamishiwa vijijini, nyumba zikabomolewa na nyingine kujengwa, sisi wawili tulibaki pale pale kama vitu vya maonyesho: mimi nasema, yeye anakaribisha.

Jambo moja tu lilimkera, nalo ni zile kucha. Kila zilipotolewa mfukoni alitikisa kichwa. "Hizo za kuchimbia viazi," alikuwa akisema, na wageni wanacheka. Nami nilidhani anatafuta kicheko.

Siku iliyotimiza yote nilikuwa na kundi la walimu wanafunzi, na mkufunzi wao, Mwalimu Tabita, mama wa Bukoba mchangamfu asiyeogopa mtu. Tukafika kituo cha tatu, nikamtaja Sungi. Alikuwa amezeeka sasa, amekonda, lakini kakaa pale pale. Mama Saidi akagawa uji. Kijana mmoja akavaa zile kucha akamrukia mwenzake, wakacheka, na Sungi akatikisa kichwa kama kawaida.

"Mzee anatusanifu," akasema Mwalimu Tabita. "Basi mzee, kama hawa hawajui, tuonyeshe wewe."

"Hizi mtu alidanganywa kutengeneza," akasema Sungi. "Ukivaa kidoleni, ukipiga mara moja tu kidole chako ndicho kinavunjika. Chuma kinakaa kiganjani. Kinafungwa."

"Kinafungwaje?"

"Lete."

Yule kijana akampa. Sungi akavitoa vyuma kwenye pete, akavipanga kwenye kiganja, ncha zikatokeza kidogo tu kati ya vidole. Akaomba kamba. Mwalimu Tabita akachomoa kamba ya kufungia vitabu. Sungi akaizungusha kwenye kiganja na kifundo, ncha moja akaishika kwa meno, akavuta. Hakuwa anafikiri. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kama wa mwanamke anayesuka mkeka huku akizungumza na jirani. Akamaliza, akainua mkono.

Wale walimu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Niliziangalia zile ncha, zilivyokaa karibu karibu, na bega langu likazijua. Na Mama Saidi alikuwa amesimama mlangoni na upawa. Hakupiga makofi yeye wala hakuugawa uji tena.

Sungi naye akaona. Akaona uso wa mkewe kwanza, kisha wangu. Akashusha mkono akaanza kuhangaika na fundo, kwa meno, kwa vidole vya mkono mwingine. Halikufunguka. Makofi yakapungua yakaisha.

"Nifungue," akaniambia, polepole.

"Fungua mwenyewe."

"Hili halifunguki na mwenyewe. Linafungwa na mmoja, linafunguliwa na mwingine. Ndivyo lilivyo, mtu asije akavua na kuvitupa njiani. Nifungue, Idi."

Nikakaa karibu naye kwenye benchi. Miaka yote ile sikuwahi kukaa kwenye lile benchi.

"Nani alikuwa akikufungua?"

Akalivuta fundo tena kwa meno. Wageni wakasogea karibu. Nadhani bado walidhani ni mchezo, ila mchezo umekuwa mrefu.

"Siku ya Mwajuma," nikasema. "Aliyepiga mluzi. Ndiye aliyekufungua?"

"Ndiye."

"Nani?"

Akaangalia mlangoni. Mama Saidi alikuwa ameingia ndani.

"Nyinyi mkitoka hapa si huwa mnavuka barabara pale kwenye ghala?" akasema Sungi. "Muulize aliyekufundisha kuvuka."

Nikasimama. Nikagonga kengele, kundi likakusanyika. Nawaambieni hili kama jambo la kazi: kundi likiwa mikononi mwako unalifikisha mwisho, hata kama kichwa chako kimebaki nyuma. Tukatoka, Sungi kakaa na mkono wake umefungwa. Nilisikia baadaye kwamba Mama Saidi ndiye aliyeikata ile kamba kwa kisu cha kuchinjia, asiseme neno, akafunga mizigo yake akarudi kwao Kintinku.

Barabara ya maduka tulipokaribia ghala, wageni niliokuwa nimewaeleza asubuhi wakaanza kuvuka. Nikasema hapana, leo tunapita hapa hapa. Jua likatuwakia. Kwenye kibaraza cha upande wa pili alikuwa amesimama Gulamu, mwenye duka la vitambaa, mtu wa rika langu, aliyezaliwa kwenye duka hilo hilo.

"Vipi Idi, leo kivuli changu kimekosa nini?"

"Gulamu, ghala hili lilikuwa la nani?"

"La mnunuzi wa ngozi, rafiki wa baba, alihama zamani. Mbona unauliza wewe? Hango hakukwambia? Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake kabla ya kuchukuliwa boma. Funguo alikuwa nazo yeye. Baba alikuwa akimtania, Hango, wewe ndiye mlinzi pekee Singida unayemnunulia tajiri chumvi kwa pesa yako mwenyewe."

"Chumvi ya nini?"

Gulamu akanicheka. "Ya ngozi, Bwana. Ngozi isipotiwa chumvi inaoza. Ulidhani anaipikia?"

Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Ndani giza na mbao chache. Harufu ya ngozi ilikuwepo bado, kidogo. Mwalimu Tabita akaja akachungulia pia, akauliza hapa ni kituo cha ngapi. Nikamwambia bado hakijapewa namba.

Siku ya gulio nikapanda basi kwenda Ikungi. Hango nilimkuta nyumbani kwa mwanawe, kalala kwenye kitanda cha kamba kivulini mwa ukuta, blanketi mpaka kifuani, meno yamebaki ya kuhesabika. Ng'ombe wa mwanawe walikuwa wakitolewa zizini, wamesimama uani wakisubiri mchungaji. Alinitambua, akatabasamu, akanyoosha mkono kusubiri salamu yake.

Nyinyi vijana mnajua shikamoo kwetu si jambo la kuchagua. Hata mtu ukimchukia unampa, ukishampa ndipo unaendelea na chuki yako. Mimi hata Sungi nilimpa shikamoo kila asubuhi ya matembezi, kisha nikamtaja. Siku hiyo nikasimama mbele ya Hango nikasema:

"Habari za hapa."

Mkono wake ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha juu ya blanketi. Mkwewe aliyekuwa akichambua mboga akainua macho. Hango akamwambia, "Mama, nenda kanitazamie maji." Akaondoka.

"Umepita upande ule," akasema Hango.

"Nimepita."

"Nani alikwambia?"

"Sungi. Na Gulamu kamalizia."

"Sungi alikuwa na mdomo tangu zamani." Akafunga macho. "Kazi yangu mimi ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe na fundo. Mtoto sikumgusa."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilipoona anakushika na wewe ndipo nikapiga mluzi, aache. Ilikuwa ndiyo alama ya kuacha."

Hilo sikulijua, na sikuwa na mahali pa kuliweka. Mpaka leo sina. Kama mluzi ulikuwa wa kuacha, ungeweza kupigwa mapema, Mwajuma akiwa bado amesimama. Nikamwambia hivyo.

"Kazini ulinichukua kwa nini?" nikauliza. "Kunichunga?"

"Ulikuwa na bega moja. Nani mwingine angekuajiri?"

"Na maji ulinipa bomani."

"Ulikuwa na kiu."

Nikafikiri labda mzee huyu anajitwisha, wazee wengine hujitwisha hata makosa ya watu. Kesi yangu ya kwanza ilivunjika kwa sababu ya sikio, nikasema safari hii sitaondoka na sikio tu bila ushahidi.

"Piga," nikamwambia.

"Nini?"

"Ule mluzi."

"Sina meno, Idi."

"Piga hivyo hivyo."

Akalamba midomo. Mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu. Mara ya pili ukatoka, mwembamba, mrefu, ukapanda mwishoni, ukakatika. Kule uani ng'ombe wa mwanawe wakainua vichwa. Jike moja kubwa likageuka, wengine wakalifuata, wakarudi zizini taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake, ingawa ndiyo kwanza wametoka na hawajala kitu.

Nikachukua kofia yangu. Sikuaga.

Polisi nilikwenda, msidhani sikwenda. Askari wa zamu alinisikiliza vizuri tu, akauliza kesi ya kwanza mlalamikaji alikuwa nani. Nikasema Mfalme wa Uingereza. Akasema basi tatizo hilo, mlalamikaji hayupo nchini. Bwana Utamaduni naye alinishika mkono akanipa pole, kisha akauliza kama ile habari ya fundo inaweza kuingizwa kwenye matembezi. Hango akafa masika yale, ofisi ikatoa gari kwenda mazikoni na wote mkapanda. Mimi siku hiyo nilikuwa na kundi. Sungi yupo mpaka leo. Hakai nje, benchi ameligeuza miguu juu. Mnapopiga hodi hajibu, lakini yumo, anakohoa.

Sasa kazi ni yenu, na mengi nimewaachia mtende mtakavyo. Kengele ikichakaa nunueni nyingine. Kucha zile nimezipeleka kwa mhunzi akazitengeneza upya kama zilivyo kweli. Msiwape wanafunzi kuchezea. Sokoni mseme habari ya chumvi mpaka mwisho, kwamba asiyeonja ni yule asiyekwenda kuila, anakwenda kuitia kwenye ngozi. Kwa Sungi mtaje Sungi, mtaje na Mwajuma, kwa sauti ya kufika ndani.

Na mkitoka hapo, mkakaribia ghala la ngozi, mtaona wageni wanatazama upande wa kivuli, na Gulamu atawakaribisha, maana ni mtu mwema. Msivuke. Piteni juani. Simameni mlangoni, upepo ukiwa mgongoni, mumtaje Hango, tarishi wa boma, mwalimu wangu, aliyepiga mluzi. Wageni watalalamika joto. Waacheni walalamike kidogo, kisha ndipo mgonge kengele.